Kwa nini tamthilia moja inakuganda na nyingine inakushinda dakika ya kumi? Nina nadharia yangu

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Juzi Jumanne nyumbani kwangu kulizinduliwa tamthilia mpya ya Kibongo. Nasema kulizinduliwa kwa sababu niliipigia debe wiki nzima: picha safi, jumba la ghorofa, droni inapita juu ya bahari, magari ya kuazima yanang'aa. Mke wangu akakunja miguu kwenye kochi, akaangalia kwa adabu zote. Dakika ya kumi na mbili akachukua rimoti, akarudi kwa Waturuki wake. Nikamuuliza kulikoni, mbona hata hawajaanza kugombana? Akanijibu bila kugeuza shingo: "Hawa sina cha kuwasengenya."

Nimekaa na jibu hilo siku nne na bado linanitafuna.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi nimekulia Tanga, Makorora. Mtaani kwetu TV ya uhakika ilikuwa kwa bi mkubwa mmoja muuza maandazi: chogo la inchi 14, mchana kutwa limefunikwa kitambaa cha kufuma, jioni linafunuliwa kama bibi harusi. Watoto chini kwenye mkeka, kina mama kwenye makochi, vijana dirishani wamebana pua kwenye nondo. Viatu mlangoni, na ukitoka umechelewa utavaa vya mwenzio. Tulikuwa tunaangalia The Promise, ile ya Wafilipino. Kwao ilionyeshwa kuanzia 2000 hadi 2002, kwetu ikaja baadaye ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza. Na Kiingereza pale sebuleni hakuna aliyekuwa nacho isipokuwa dada yangu, yuko kidato cha pili, kwa hiyo ndiye msomi wetu.

Wale waliosahau: Amor ni mfanyakazi wa ndani, anapendana na Eduardo, mtoto wa nyumba ya matajiri. Wanatenganishwa. Amor anajifungua, mtoto anapotea, anaaminika amekufa. Miaka inapita, Amor anarudi kutoka Marekani akiwa na fedha na kinyongo, anaitwa Amor Powers, na Eduardo sasa ni mkubwa serikalini, ameoa mwanamke anaitwa Claudia ambaye, jamani, yule mama alikuwa na jicho. Halafu kuna Yna, binti maskini aliyelelewa na watu wengine, anampenda Angelo, kijana wa nyumba ileile.

Sasa angalia jinsi dada alivyokuwa anatafsiri. Hakuwa anasema "anamwambia habari za asubuhi". Amor anapita karibu na Yna, wanatazamana, dada anasimama kabisa: "Haya, anamwacha aende! Ni mwanawe huyo! Hajui!" Chumba kizima kinaguna. Bi mkubwa anapiga paja. Kuna mmama mmoja alikuwa anaielekeza TV kwa kidole: "Wewe, geuka! Geuka nyuma, mjinga wewe!"

Hapo ndipo nadharia yangu ilipo. Tamthilia inayokukamata inakupa siri ambayo mhusika hana. Ukishapewa siri umekuwa jirani: unajua mambo ya nyumba ya watu, huwezi kuyasema kwa wenyewe, basi unayasema kwa wenzio kisimani, kwenye daladala, saluni. Ukinyimwa siri unabaki mgeni sebuleni, umekaa wima, unasubiri soda.

Tamthilia zetu nyingi zina ugonjwa wa kuficha kila kitu hadi mwisho, halafu zinakutupia bomu: kumbe yule mzee ndiye baba yake! Sawa, nimeshtuka. Sekunde tatu. Ila sehemu arobaini zote zilizopita mzee na kijana walikuwa wanakunywa chai pamoja na mimi nilikuwa naona watu wawili wanakunywa chai. Ungeniambia mapema, kila kikombe kingekuwa na moto. Kijana anamwambia mzee "nitamwoa binti yako", tayari mimi nyumbani nimeshika kichwa. (Hiyo nawapa bure, waandishi mchukue.)

La pili, jikoni. Saa mbili, saa mbili na nusu usiku, ndiyo saa ya ugali. Nusu ya watazamaji wanasikiliza tu, mwiko mkononi. Ndiyo maana Mmeksiko na Mfilipino wanamtaja mtu jina kila sentensi na kurudia jambo mara tatu. Wajuzi wanaita ubovu wa uandishi. Mimi naita heshima kwa anayepika. Yule aliyetengeneza ile ya Jumanne aliweka dakika nne za stelingi anaendesha gari, muziki tu, hasemi na mtu. Aliye jikoni akadhani ni tangazo.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni Doudou. Mwaka 2011 TBC walileta tamthilia ya Kichina imewekwa Kiswahili, sehemu 36, ya nesi wa Beijing anaitwa Mao Doudou. Mumewe wazazi waliachana na baba akaoa tena, kwa hiyo binti ana mama wakwe wawili kwa mpigo. Hakuna bunduki, hakuna jumba. Mgogoro ni nani kala kwa nani, nani kapewa zawadi kubwa, nani kasusa. Nakumbuka nilivyocheka: Wachina hawa! Wanasusa kama shangazi zangu! Ikavuma kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipokuja Dar, Machi 2013, akaitaja kwenye hotuba yake. Sasa jiulize, Wachina wana filamu za vita na wafalme maghala kwa maghala, kwa nini kilichoingia hapa ni ugomvi wa mkwe? Kwa sababu kila Doudou anapoongea na mkwe mmoja, sisi tumeshamsikia yule mwingine kasema nini. Tumebeba maneno ya nyumba mbili.

Karibuni. Povu ruksa, matusi hapana.

#2

Siti ya mbele, kahawa na kashata pembeni.

#3

Mleta uzi umeandika vizuri ila umezunguka mbuyu. Tatizo ni hela. Mturuki kule kwao sehemu moja inakwenda saa mbili na zaidi, kila wiki, na ina bajeti ya kujenga kasri. Tamthilia yao ya Kara Sevda ilichukua tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka 2017. Sisi tunapiga sehemu tano kwa wiki kwa hela ya mchicha. Ukimpa Mbongo hela ile utaona kama mkeo atashika rimoti.

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3, hela naikubali nusu. Ila hizo saa mbili umezigusa vizuri kuliko ulivyokusudia. Mturuki akiuza nje anazikatakata vipande, moja inakuwa mbili au tatu. Ndiyo maana ukiangalia huku unaona sehemu imeishia mtu ananyanyua kikombe, haina mbele wala nyuma. Na zile dakika za watu kutazamana bila kusema zimetokana na hizo saa mbili, lazima zijazwe. Kwa hesabu zangu mimi hapo wangeshaboa. Hawaboi, kwa sababu wakati wanatazamana mimi najua mmoja wao ameficha barua kwenye droo. Toa barua kwenye droo, uone kama hela ya kasri itakusaidia.

Kundi la maigizo la Kaole pale ITV walikuwa na kasri gani? Sebule moja, pazia, taa moja inachoma macho. Na mitaa ilikuwa inakauka watu.

#5

Mimi ni wa Mombasa, naomba nichangie. Kwanza huyo mama mkwe kwetu ni mavyaa, mleta uzi wa Tanga umeniangusha kwa kulisahau neno la nyumbani.

Pili, umeacha lugha. Huku Kenya kwa miaka mingi tulilishwa za Meksiko zenye Kiingereza kisicholingana na midomo, na mamangu alizifuata vivyo hivyo. Halafu 2019 runinga ya Citizen wakaleta tamthilia ya Maria. Msichana wa mtaa wa mabanda anaingia nyumba ya matajiri. Hadithi yenyewe kongwe, hakuna jipya. Lakini alipofungua mdomo alisema kama wanavyosema watoto wa mtaani kwake, na wale matajiri wakasema kivyao, na ukawa ukisikia sauti tu bila picha unajua nani ni nani. Nyumba yetu kati ya taarifa ya habari ya saa moja na ile ya saa tatu hupigi simu. Baba, ambaye husema tamthilia ni za wanawake, alikuwa "anasoma gazeti" muda huo, gazeti la juzi.

Halafu kuna zile ambazo wahusika wote, chokoraa, hakimu, bibi wa shamba, wanazungumza Kiswahili kimoja cha kitabuni. Mimi hapo naondoka. Siwezi kumsengenya mtu nisiyemjua sauti.

#6 (mleta uzi)

Mavyaa! Dada/kaka wa Mombasa nimepigwa, nimekubali. Mama yangu akiusoma uzi huu nitaomba radhi kwa magoti.

Hoja ya sauti naichukua na naiongezea ya kazi. Kwenye Siri ya Mtungi, ile ya Bagamoyo iliyoanza 2012, Cheche ni mpiga picha, ana studio, na unamwona anapiga picha. Tamthilia ngapi zetu stelingi ni "mfanyabiashara" na hujawahi kuona anauza nini? Anabeba begi jeusi, anaingia ofisini, anapokea simu, anasema "hiyo dili imekaa vizuri". Mtaani mtu ambaye hatujui anakula wapi ndiye wa kwanza kusengenywa, ila kwenye tamthilia hata mwandishi mwenyewe hajui.

#7

Naandika skripti, nimekuwa kwenye kazi hii miaka tisa, kwa hiyo nivumilieni kidogo maana mmetuchambua tukiwa tumekaa kimya.

Mleta uzi, hiyo ya siri tunaijua. Kinachotuzuia ni kwamba siri ukishampa mtazamaji lazima uiendeshe, na kuiendesha ni kazi ya kukaa mezani wiki nyingi kabla kamera haijawashwa. Sisi tunapewa siku chache. Bomu la mwisho halihitaji mpango, unalirusha tu.

Nikupeni picha ya siku moja. Tulikuwa na harusi, sehemu ya ishirini na kitu, ndiyo kilele. Bibi harusi anajua bwana harusi ana mtoto nje, bwana harusi hajui kama anajua, na watazamaji wanajua yote mawili. Nimeiandika siku kumi. Nyumba tumekodi. Saa tisa mchana umeme umekatika, jenereta la jirani linaguruma, sauti haifai. Saa kumi na moja mwenye nyumba anatokea getini na funguo: mkataba unaisha saa kumi na mbili, mimi nina wageni. Dairekta ananitazama. Nimekaa kwenye ndoo ya rangi, nimegeuza harusi nzima kuwa simu moja. "Shoga, ungeona jana ilivyokuwa!" Ndiyo mliyoiona nyumbani. Mkasema waandishi wa Bongo wavivu.

Na kuna kuvuta. Tamthilia ikipendwa, mwenye chaneli hataki iishe. Telenovela ya kweli ina mwisho tangu siku ya kwanza, wanajua watakomea wapi, ndiyo maana inakimbia. Sasa wewe umeandika sehemu hamsini, unaambiwa ongeza mia. Unafanyaje? Unampoteza mtu kumbukumbu. Unamfufua babu. Mimi nimefufua babu, nakiri mbele ya kadamnasi.

Lakini nadharia yako ina tundu, ndugu yangu. Siri peke yake haitoshi. Kuna Mmeksiko anaitwa Miguel Sabido, mtu wa telenovela, aliyekaa chini akachunguza kwa nini tamthilia moja ya Peru ya mwaka 1969, Simplemente María, iliwashika watu namna ile. María ni binti wa shamba, mfanyakazi wa ndani, anajifunza kusoma na kushona kwa cherehani, Singer, anapanda maisha. Singer waliuza cherehani mpaka wakafurahi wenyewe. Alipoolewa na mwalimu wake, watu maelfu walikwenda kwenye kanisa la Lima lililotumika kupigia picha, wamevaa nguo za harusi, na zawadi mkononi. Sabido akaunda kanuni: weka mwema, weka mwovu, na katikati weka anayeyumba. Mwema hashughulishi, mwovu anachekesha. Anayeyumba ndiye mtazamaji mwenyewe. Leo anafuata huku, kesho kule, na wewe nyumbani unamvuta shati.

Kwa hiyo mke wako alikosa vitu viwili Jumanne: siri, na mtu wa kumvuta shati. Wale wa kwenye droni wote walikuwa wameshaamua, mmoja malaika, mmoja shetani. Nimeiona. Kuna jina langu mwishoni, halionekani, linapita haraka.

#8

Daah, kumbe umemchana mwandishi mwenyewe!

#9 (mleta uzi)

Dada, yangu masikio. Niwie radhi kwa lile gari la dakika nne.

#10

Gari halikuwa langu. Dairekta alilikodi kwa siku nzima akasema hela lazima ionekane.

#11

Wanangu, mimi mtu mzima, niliingia kutafuta uzi wa bei za mahindi nikajikuta huku.

Huyo dada wa #7 kanikumbusha. Mimi miaka ya tisini nilikuwa utingo kwenye semi, Dar–Tunduma. Mwaka 1993 Radio Tanzania wakaanza Twende na Wakati. Siyo televisheni, lakini ni haohao wa Sabido, kanuni zake ndizo walizotumia. Kulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju, kila kituo ana mwanamke, mkewe Tunu yuko nyumbani na watoto. Sasa fikiria madereva wa malori wanaisikiliza hiyo kwenye mgahawa wa njiani, sahani za wali mezani, redio juu ya friji. Mwanzo ni vicheko: "Mkwaju mwanangu! Kama fulani huyu!" Wanatajana majina. Walimpenda kweli, alikuwa na maneno matamu yule bwana.

Miezi ikaenda. Mkwaju akaanza kudhoofika. Vicheko vikapungua, lakini hakuna aliyesema zima. Dereva wangu, mtu wa majigambo kuliko wote, ilikuwa tukipishana na muda wa kipindi anaongeza mwendo tuwahi mgahawani, na tukifika anakaa mgongo ameupa redio, anakula, kama haimhusu. Wakati Tunu ameamua kujitegemea, nilimsikia anasema polepole, "Kafanya la maana." Hakumwambia mtu, alisema kwa wali wake.

Sisi hatukufichwa kitu na kipindi kile. Tangu mwanzo ulijua Mkwaju anakwenda wapi. Tulikuwa tunasikiliza kumsubiri afike.

#12

Mzee shikamoo. Mimi wa Dodoma, mbona wazee wangu wanasema hawakumbuki kipindi hicho?

#13 (yule wa skripti)

Mzee shikamoo. #12, wazee wako wako sahihi. Mtambo wa Dodoma uliwekewa vipindi vingine kuanzia 1993 hadi 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Ninyi mlikuwa upande wa wasiosikia.

#14

Marahaba wanangu.

#15

Kwa hiyo wagogo tulinyimwa umbea kwa ajili ya sayansi. Nimeumia.

#16

Mimi napinga wote. Isidingo, ile tamthilia ya Afrika Kusini pale ITV, nilikuwa siielewi, Kiingereza cha Afrika Kusini kinapanda na kushuka, siri sizijui, wa kuyumba simjui, na bado sikukosa. Nilikuwa naangalia Cherel tu. Yule mama alikuwa anaingia mlangoni na mimi nakaa vizuri. Nadharia yenu inasemaje hapo?

#17 (mleta uzi)

#16 umenipa kazi, maana Isidingo ilianza 1998 ikaisha 2020, hakuna mwisho uliopangwa hapo, na nadharia ya dada wa #7 kuhusu kuvuta inapata kigugumizi. Miaka 22 wamevuta na watu wapo. Nikubali tu: kuna adui ambaye ukimpata wa sampuli ya Cherel, mengine yote yanasamehewa. Siri anayo usoni.

Na hilo ndilo lililonifanya nimpigie dada yangu leo mchana. Sasa ni mama wa watoto watatu, yuko Muheza, ana duka la vifaa vya shule. Nikamwambia kuna uzi, nimekutaja, watu wanakusifia tafsiri yako. Nikamuuliza lile jambo la Amor na Yna, ulikuwa unajuaje mapema hivyo, kila mara unatuambia kabla halijatokea?

Akacheka mpaka mteja akamuuliza kuna nini.

"Kiingereza changu chenyewe cha kidato cha pili, cha shule yetu ile unaijua. Walikuwa wanaongea haraka, sishiki kitu. Nilikuwa naangalia macho yao, nasema ninachoona."

Nikamuuliza, ina maana yale maneno yote uliyotuambia?

"Mengine yalitokea," akasema. "Ngoja nimhudumie mtu."